Omukerere: Kichaka cha Miiba, Dawa ya Tumbo na Mipaka Yake

Msafiri atokaye Bukoba mjini kuelekea Muleba, akipita Kemondo na Muhutwe, huona nchi ya namna mbili ikipokezana kando ya barabara. Kwanza ni vibanja, yaani mashamba ya migomba na mibuni yanayozunguka nyumba. Kisha ni rweya, mbuga ya majani mafupi isiyo na miti mingi. Katika mpaka wa nchi hizo mbili, pembezoni mwa vijito na kwenye viambaza vilivyoachwa bila kulimwa, huota kichaka chenye miiba iliyopinda kama kucha za paka. Watoto wachungao mbuzi hukijua kwa matunda yake. Wazee hukijua kwa mizizi na majani yake. Kwa Kihaya huitwa omukerere, ingawa matamshi hutofautiana kidogo kutoka kijiji hadi kijiji.

Makala haya yanaeleza mmea huo ni upi, watu wa Bukoba na Muleba wanautumia kwa maradhi gani, sayansi inasema nini juu ya matumizi hayo, na ni wapi dawa hiyo inapofikia kikomo. Yamekusudiwa kwa wazazi na walezi, kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa waganga wa tiba asili, na kwa wataalamu wenzangu wa hospitali ambao mara nyingi hatuulizi maswali tuliyopaswa kuuliza.

Kisa kilichonifundisha

Miaka kadhaa iliyopita, nikifanya kazi katika hospitali moja ya mkoa wa Kagera, nililetewa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minne. Alikuwa ameharisha kwa siku tatu. Macho yalikuwa yamedidimia, midomo imekauka, na ngozi ya tumbo nilipoifinya ilirudi polepole mno. Hakuwa na nguvu za kulia. Aliyemleta alikuwa bibi yake mzaa mama, aliyekuwa amembeba mgongoni tangu alfajiri.

Nilimuuliza bibi kama mtoto amepewa dawa yoyote. Akajibu, "Hapana, Daktari." Tuliweka maji ya mshipani, na mtoto akarudi taratibu kutoka alikokuwa akielekea. Siku ya pili, alipoanza kunyonya na kudai uji, yule bibi aliniita pembeni akaniambia kwamba alikuwa amempa mchemsho wa mizizi ya omukerere, vijiko vichache asubuhi na jioni, kwa siku zote tatu. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Mwanangu," akasema, "safari iliyopita nilisema kweli kwenye zahanati, nikafokewa mbele za watu kama mtoto. Nikaona heri ninyamaze."

Kisha akaongeza neno lililonikaa moyoni hadi leo: "Na dawa ilifanya kazi. Siku ya pili alikuwa haendi haja mara nyingi kama mwanzo. Ndiyo maana nilingoja."

Hakuwa mjinga wala mzembe. Aliona kile alichokiona, akafanya uamuzi kwa mujibu wa ushahidi aliokuwa nao. Kosa lilikuwa katika jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumweleza: kwamba kupungua kwa choo si sawa na kupona. Mtoto aliyekwisha kupoteza maji mengi huenda choo kidogo kwa sababu hana tena maji ya kutoa. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa kuwa ndilo kiini cha somo letu.

Mmea wenyewe

Omukerere ni wa jenasi iitwayo kitaalamu Rubus, katika familia ya waridi, familia ileile ya tufaha na pichi. Ni ndugu wa rasiberi zinazolimwa Ulaya. Afrika Mashariki ina aina kadhaa za Rubus za porini. Ile iliyoenea katika maeneo ya wazi na kingo za misitu ni Rubus rigidus, ambayo hupatikana tangu Afrika Kusini hadi Ethiopia, na magharibi hadi Kameruni. Nyingine, Rubus pinnatus, hupenda zaidi unyevu na kivuli cha msitu.

Rubus rigidus hutambulika kwa alama hizi. Shina lake ni jembamba, gumu, lenye miiba iliyopinda, na huegemea mimea mingine likifikia mita mbili au zaidi. Kila jani huwa na vijani vitatu, mara chache vitano, vyenye kingo za msumeno. Upande wa juu ni kijani na una mikunjo ya mishipa, upande wa chini ni mweupe kama umefunikwa kwa pamba laini. Maua ni madogo, ya rangi ya waridi au zambarau. Tunda limejengwa kwa chembe nyingi ndogo zilizoshikana, kila chembe ikiwa na mbegu yake. Huanza kijani, likawa jekundu au la rangi ya chungwa, na likiiva sana huelekea kwenye weusi. Rubus pinnatus huwa na vijani vingi zaidi vilivyopangwa pande mbili za kikonyo, wala chini yake hakuna weupe wa namna ile.

Majirani zetu nao wanaujua mmea huu na ndugu zake. Wanyankole na Wakiga wa Uganda huyaita matunda hayo enkyerere. Wanyarwanda huyaita inkeri, jina ambalo siku hizi hutumika hata kwa matunda yanayofanana nayo yanayolimwa bustanini. Waganda husema enkenene. Majina yaliyo karibu hivyo katika lugha za nchi mbalimbali zinazozunguka ziwa yanaonyesha kwamba maarifa ya mmea huu hayakuanza jana.

Tahadhari moja kuhusu utambuzi ni ya lazima. Katika maeneo yaleyale huota kichaka cha Lantana camara, mmea wa kigeni ulioenea sana Afrika Mashariki. Nao una shina la kukwaruza, na matunda yake meusi yamekusanyika katika kishada kinachoweza kumdanganya mtoto. Tofauti ni hizi: lantana ina maua ya rangi nyingi katika shada moja, kama njano, chungwa na waridi, majani yake ni moja moja, si matatu matatu, na ukiyasugua hutoa harufu kali. Matunda yake mabichi yana sumu. Mtoto afundishwe kutofautisha mimea hii miwili kabla hajafundishwa kuchuma.

Watu wanautumia kwa nini

Katika miaka yangu ya kliniki, matumizi ambayo nimesimuliwa mara nyingi zaidi na wagonjwa na walezi ni haya. La kwanza ni kuhara: mizizi au majani huchemshwa, na maji yake hunywewa. La pili ni maumivu ya tumbo bila kuhara. La tatu ni kikohozi, ambapo mzizi hutafunwa au mchemsho wake hunywewa ukiwa vuguvugu. La nne ni vidonda vya kinywani na maumivu ya meno, ambapo mchemsho husukutuliwa. Baadhi ya kina mama huutaja pia kwa maumivu ya hedhi. Matunda huliwa tu kama matunda, wala hayahesabiwi kuwa dawa.

Kagera ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo tiba zake za mimea zimechunguzwa kwa utaratibu. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti na kupewa hadhi ya taasisi mwaka 1991, ilipeleka watafiti katika kata za Bugabo na Katoro upande wa Bukoba, na katika kijiji cha Kikuku wilayani Muleba. Matokeo yao yalichapishwa kati ya mwaka 2009 na 2012. Walikaa na waganga, wakaandika majina ya mimea kwa Kihaya, wakachukua sampuli, na kuzilinganisha na kumbukumbu za wataalamu wa mimea.

Kulikuwa na sababu ya pekee ya kuielekea Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage wilayani Muleba. Wakati huo watu waliuita ugonjwa huo "Juliana", kwa jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Mgonjwa alikuwa anakonda, anakohoa na kuharisha kwa miezi. Hospitali hazikuwa na dawa ya virusi. Familia ziligeukia mimea ya tumbo na kikohozi iliyokuwa mlangoni. Utafiti mwingine uliofanyika Bukoba Vijijini na kuchapishwa mwaka 2007 ulihusu mimea ambayo waganga waliitumia kwa maradhi nyemelezi ya UKIMWI. Kwa hiyo, mtu anayedharau tiba hizi akumbuke kwamba kuna kizazi kizima mkoani humu kilichouguza ndugu zake kwa kile kilichokuwepo.

Sayansi ya ukakasi

Ukitafuna jani au gome la mzizi wa omukerere, utahisi ulimi na mashavu yakikauka na kukunjamana. Hali hiyo kila mtu wa Kagera anaijua, maana huipata akionja ndizi mbichi au utomvu wa ganda lake. Ni ukakasi, na chanzo chake ni kemikali ziitwazo tanini. Mimea ya jenasi ya Rubus ina tanini nyingi hasa katika majani na mizizi.

Tanini hushikana na protini. Kinywani hushikana na protini za mate, ndipo mdomo hukauka. Katika utumbo hushikana na protini zilizo juu ya utando wa ndani na kuufanya uwe kama umefunikwa kwa tabaka jembamba. Tabaka hilo linaweza kupunguza mwasho na utokaji wa majimaji. Hiyo ndiyo sababu ya kisayansi inayofanya dai la waganga kuwa na mantiki. Hata Ulaya, majani ya rasiberi ya huko, Rubus idaeus, yanatambuliwa na mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya kama dawa ya jadi kwa kuhara kwa kiasi kidogo, kwa uvimbe mdogo wa kinywa na koo, na kwa maumivu madogo ya hedhi. Utambuzi huo umejengwa juu ya matumizi ya muda mrefu, haukujengwa juu ya majaribio makubwa kwa wagonjwa. Hata hivyo inashangaza kuona jinsi orodha hiyo inavyokaribiana na ile niliyosimuliwa na bibi za Muleba, watu ambao hawajapata kukutana na mtaalamu wa mimea wa Ulaya.

Hapa msomaji atahadhari na habari anazozisikia kwamba mmea fulani "umethibitishwa maabara". Katika maabara, dondoo la mmea huwekwa juu ya sahani yenye bakteria, na watafiti hupima kama bakteria wamezuiwa kukua. Mara nyingine dondoo hupimwa kwa viduvi wadogo wa maji ya chumvi ili kujua kama lina sumu. Vipimo hivyo ni vya thamani, kwa kuwa huonyesha mimea ipi ichunguzwe zaidi. Lakini sahani ya kioo si tumbo la mtoto. Kiasi kinachoua bakteria kwenye sahani kinaweza kuwa kikubwa kuliko kile kinachoweza kufika utumbo kwa vijiko vitatu vya mchemsho. Kati ya sahani na mgonjwa kuna ngazi nyingi, na omukerere bado haujazipanda.

Mipaka yake

Sasa turudi kwa yule mtoto. Mtu anayeharisha hafi kwa sababu ya choo chenyewe. Hufa kwa sababu ya maji na chumvi zinazotoka pamoja nacho. Mchemsho wa omukerere, hata ukifanya kazi yake vizuri kabisa, haurudishi kilichopotea. Vijiko sita kwa siku havifikii hata kikombe kimoja, ilhali mtoto mdogo anayeharisha sana anaweza kupoteza vikombe kadhaa.

Mpaka wa pili ni kuhara damu. Damu katika choo ni dalili kwamba vijidudu vimeshambulia ukuta wa utumbo, na mara nyingi huhitaji antibiotiki iliyochaguliwa na mtaalamu. Ukakasi unaweza kupunguza choo kwa muda huku ugonjwa ukiendelea ndani.

Mpaka wa tatu ni kuhara kunakodumu siku 14 au zaidi. Hali hiyo haitibiwi nyumbani kwa mmea wowote. Inahitaji uchunguzi, pamoja na kipimo cha VVU, kwa sababu leo, tofauti na mwaka 1983, dawa za kufubaza virusi zipo na zinatolewa bure.

Mpaka wa nne unahusu damu ya mwili. Tanini huzuia madini ya chuma ya kwenye vyakula vya mimea yasisharabiwe vizuri, kama ifanyavyo chai nzito inayonywewa pamoja na chakula. Mtoto au mjamzito mwenye upungufu wa damu, anayekunywa mchemsho huo kila siku kwa majuma, anaweza kuzidishiwa tatizo lake. Matunda ni kinyume: yana vitamini C, ambayo husaidia mwili kusharabu chuma. Kichaka kimoja, sehemu mbili, kazi mbili zinazopingana. Ndiyo sababu haitoshi kusema "mmea huu ni mzuri". Ni lazima tuseme sehemu ipi, kwa nani, na kwa muda gani.

Kwa mjamzito, ushauri wangu ni asitumie mchemsho wa mizizi wala majani bila kumweleza mkunga. Majani ya rasiberi yametumika Ulaya kwa kuaminiwa kwamba yanaandaa mfuko wa uzazi kwa kujifungua, lakini ushahidi wa faida ni dhaifu, na juu ya aina zetu za porini hatupaswi kubahatisha kwa maisha mawili.

La kufanya nyumbani

Mtoto akianza kuharisha, mpe maji ya ORS mara moja, yaliyochanganywa kwa maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Baada ya kila choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha kawaida. Mwenye miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uendelee polepole kwa kijiko. Pakiti isipopatikana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinaweza kutumika wakati wa kutafuta ORS.

Anyonyeshwe kama kawaida, na aendelee kula. Mazoea ya kumnyima chakula "ili tumbo lipumzike" yanamdhoofisha. Apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa mwenye umri chini ya miezi 6, na miligramu 20 kwa aliyezidi hapo. Zinki hufupisha kuhara na kupunguza uwezekano wa kurudi.

Mpeleke kituo cha afya bila kungoja ukiona lolote kati ya haya: macho yamedidimia, ngozi ikifinywa inarudi polepole, analegea au ana usingizi usio wa kawaida, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, hakojoi, ana homa, choo kina damu.

Na omukerere? Mtu mzima mwenye kuhara kwa kawaida, asiye na dalili za hatari, asiye mjamzito, akinywa kikombe cha mchemsho mwepesi wa majani kwa siku moja au mbili huku akinywa maji ya kutosha, sina sababu ya kumkataza. Kusukutua kwa ajili ya vidonda vidogo vya kinywa vilevile si jambo la kuogopesha. Kwa mtoto mdogo, nasema wazi: asipewe. Tumbo lake ni dogo, na nafasi ya kila kijiko cha mchemsho ni nafasi ya kijiko cha ORS. Tena, anayechuma achume majani, asing'oe mizizi. Kichaka kilichong'olewa hakitamsaidia mjukuu.

Neno kwa waganga na kwa wataalamu wenzangu

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliwatambua waganga wa tiba asili na kuunda Baraza la kuwasajili. Mganga aliyesajiliwa ni mwenzetu katika kazi. Ombi langu kwake ni moja: mgonjwa anayeharisha akifika kwako, mpe ORS kwanza, na ukiona dalili zilizotajwa juu, mwandikie au umsindikize hospitali siku hiyohiyo. Heshima ya mganga haipungui kwa kujua mwisho wa dawa yake.

Kwa madaktari, matabibu na wauguzi: tuuliza swali kwa namna inayoweza kujibiwa. Tusiulize, "Umempa mitishamba?" kwa sauti ya hakimu. Tuulize, "Nyumbani mmeshamsaidia kwa kitu gani?" kisha tunyamaze tusikilize. Tukiambiwa, tuandike katika faili jina la mmea kama lilivyotajwa, sehemu iliyotumika, kiasi na siku. Habari hiyo inaweza kueleza kwa nini choo kimepungua ilhali mtoto amekauka.

Yule bibi aliondoka hospitalini akiwa na pakiti nne za ORS na vidonge vya zinki. Kabla hajaondoka tulikaa pamoja kwenye benchi, nikamweleza habari ya ukakasi na habari ya maji, yeye akanieleza jinsi ya kuutambua omukerere kwa weupe wa chini ya jani. Nilimwambia kwamba mara nyingine aje siku ya kwanza, na aseme kila alichompa mtoto. Nami nikamwahidi kwamba hatafokewa. Miezi michache baadaye alirudi na mjukuu mwingine aliyekuwa akiharisha. Ilikuwa siku ya kwanza. Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu, na machozi yalimtoka.